Nimepitiwa: kwa nini bingwa hukosea, na kazi hupangwaje ili kosa lake lisiue

Mpishi aliyesahau chumvi hasemi kwamba hajui kupika. Anasema, "Nimepitiwa." Upishi anaujua, chumvi anaijua, kopo liko mbele yake; wazo tu ndilo lililompita, kama usingizi unavyompitia mtu kitini. Jirani ya neno hilo kuna kuteleza: ulimi umetaka kumwita Juma ukamwita Jumanne, kidole kimetaka 6 kikabonyeza 9. Kuna kukosea: umefanya hasa ulichokusudia, ila ulichokusudia hakikuwa sahihi. Na kuna kukiuka: kanuni unaijua, umeamua kuiruka.

Hayo ni mambo manne, yenye vyanzo vinne na dawa nne. Ajabu ni kwamba yakishafika ofisini, hospitalini au karakana, yote huitwa uzembe, na yote hupewa dawa moja: barua ya onyo na semina ya siku mbili. Dawa hiyo haigusi kabisa kuteleza na kupitiwa, na hayo mawili ndiyo yanayowaandama watu hodari kuliko wanagenzi. Mwenye kutafuta kazi isiyo na dosari akianza kwa kutafuta mtu asiye na dosari, ameshapotea njia kabla hajatoka nyumbani.

Kijiko, paka na birika la chai

James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Manchester, alikuja na mgawanyo unaokaribiana sana na huo wetu wa kila siku. Kilichomwamsha, miaka ya 1970, ni kisa cha jikoni kwake. Alikuwa anaandaa chai, birika liko wazi linangoja majani. Paka akaja analia njaa. Reason akafungua kopo la chakula cha paka, akachota kijiko kimoja, akakitia ndani ya birika la chai.

Angalia ustadi wa kitendo chenyewe. Kijiko kimechota sawasawa, mkono haukutetemeka, hakuna kilichomwagika. Kila kitu kimefanyika vizuri, ila mahali si pake. Vyombo viwili vilikuwa wazi kwa wakati mmoja, vyote vinangoja kitu cha kutiwa kwa kijiko, na akili ilikuwa kwingine.

Anayejifunza gari hawazi kingine: klachi, gia, kioo. Dereva wa miaka 15 hubadili gia huku akibishana na konda kuhusu chenji. Hiyo ndiyo faida ya ubingwa, kwamba mkono umeshika njia na kichwa kimebaki huru. Na hapohapo ndipo mlango wa kupitiwa unapofunguka, kwa sababu kazi inayokwenda bila kusimamiwa inaweza pia kwenda kombo bila kusimamiwa. Mwanagenzi hukosea kwa kutojua. Bingwa hukosea kwa kujua mno.

Mtu mzoefu hupitiwa zaidi katika hali tatu. Ya kwanza ni kukatizwa: umefika hatua ya nne, simu inaita, ukirudi unaendelea na ya sita huku ukiapa kwamba ya tano umeshaifanya. Ya pili ni siku isiyo ya kawaida yenye mwanzo wa kawaida: leo ulitakiwa kupita kwa fundi kwanza, miguu imekupeleka kazini moja kwa moja. Ya tatu ni hatua inayobaki baada ya lengo kutimia, na mfano wake ni mashine ya benki ya kutolea pesa. Mashine iliyotoa noti kwanza na kadi baadaye ilibakiwa na kadi za watu mdomoni, maana mtu alifuata pesa, pesa ameshika, safari imekwisha kichwani. Tangazo la ukutani la kuwakumbusha wateja lisingesaidia kitu. Kilichosaidia ni kugeuza mpangilio: kadi itoke kwanza, ichukuliwe, ndipo noti zitoke. Mteja ni yuleyule na kichwa chake ni kilekile.

Hesabu ya asilimia 99

Chukua kazi yenye hatua 50, na mtu anayeifanya kila hatua kwa usahihi wa asilimia 99. Huyo ni mfanyakazi wa kupewa cheti. Sasa piga hesabu ya yeye kumaliza hatua zote 50 bila kosa hata moja: 0.99 kwa kipeo cha 50, jibu ni kama 0.605. Yaani kati ya siku kumi, nne zina kosa mahali fulani. Mpandishe hadi asilimia 99.9, kiwango ambacho mtu mwenye usingizi wa saa nne hawezi kukishikilia, na bado kazi moja kati ya ishirini itatoka na dosari.

Ndiyo maana kumhimiza mtu wa asilimia 99 aongeze umakini hakuleti mengi. Kinachobadilisha hesabu ni kuweka vituo njiani ambapo kosa litanaswa kabla halijamfikia mgonjwa, abiria au mteja.

Wengi hudhani kituo bora ni mtu wa pili: wa kwanza akikosea mara moja katika mia, na wa pili vivyo hivyo, basi kosa litapenya mara moja tu katika elfu kumi. Hesabu ni sahihi iwapo watu hao wawili hawategemeani. Kazini hutegemeana. Wa kwanza husema, "Mwenzangu ataangalia", wa pili husema, "Mwenzangu ameshaangalia." Akiwa ameambiwa jibu mapema ("hii ni miligramu kumi, eti?"), macho yake yataona kumi hata kibandiko kikisema mia moja. Uhakiki wa mtu wa pili una maana pale anaposoma mwenyewe, kwa sauti, kabla hajasikia jibu la mwenziwe.

Kuteleza hutibiwa na chombo

Chukua mtungi wa gesi wa chumba cha upasuaji. Oksijeni na gesi ya nitrasi oksidi, ile ya usingizi, hufungwa kwenye mashine moja, na kuzibadilisha kimakosa ni kumuua mgonjwa. Rangi za mitungi husaidia, lakini rangi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na taa zikififia rangi hazisemi kitu. Kwa hiyo kwenye kishikio cha mashine kuna vipini viwili vidogo vya chuma, na kwenye shingo ya mtungi kuna matundu mawili. Oksijeni hutumia nafasi ya 2 na ya 5. Nitrasi oksidi hutumia ya 3 na ya 5. Mtungi usio wake haukai. Hata aliyekesha usiku kucha, hata mgeni wa siku ya kwanza, atasukuma na utakataa. Hatari hurudi pale mtu anapoufanya ukae kwa nguvu: kipini kimevunjika kikaachwa, au pete za kuzuia gesi kuvuja zimepangwa mbilimbili hadi mtungi ukasogea mbali na vipini.

Potasiamu kloridi nzito ni somo jingine la aina hiyo. Kichupa chake kinaweza kufanana na cha maji ya chumvi ya kusafishia sindano, maji meupe kwa maji meupe, na ikisukumwa mshipani bila kuyeyushwa husimamisha moyo. Wodini watu wamebandika vibandiko vyekundu, wamefanya semina. Hatua yenye nguvu ni ndogo kuliko zote: kichupa kisiwepo kwenye kabati la wodi ya kawaida. Muuguzi hawezi kuchukua kwa bahati mbaya kitu ambacho hakipo.

Kwenye simu tunayo mfano wetu. Anayetuma pesa kwa simu siku hizi huonyeshwa jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, kwa sababu namba kumi hukosewa na kila mtu, msomi na asiyesoma. Lakini hapo pana udhaifu ambao utajirudia mbele katika makala haya: jina linaonyeshwa, kidole kimeshazoea kubonyeza, na jina halisomwi. Kituo kipo, mlinzi amelala.

Kupitiwa hutibiwa na orodha

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne, Model 299, ilipaa mbele ya jeshi lililotaka kuinunua. Ikainua pua kupita kiasi, ikakosa mwendo wa kuibeba, ikaanguka na kuwaka. Rubani Ployer Hill wa jeshi na Leslie Tower wa Boeing walikufa. Injini zilikuwa nzima. Ndege hiyo ilikuwa na kufuli la kushikilia mbawa ndogo za mkia zisipigwe na upepo wakati imeegeshwa, na kufuli hilo halikufunguliwa kabla ya kuruka.

Hill na Tower walikuwa marubani wa majaribio. Hakukuwa na wa kuwafundisha zaidi. Ndege ilikuwa imepita uwezo wa kumbukumbu ya mtu mmoja, basi. Marubani waliobaki wakaandika orodha fupi: ya kabla ya kuruka, ya angani, ya kabla ya kutua, ya baada ya kutua. Ndege ileile iliendelezwa ikaitwa B-17, na zikatengenezwa zaidi ya 12,000.

Madaktari walichukua miongo saba zaidi. Sehemu ya sababu, kwa maoni yetu, ni taswira ya daktari bingwa kama mtu asiyesahau. Kumpa karatasi ya kumkumbusha jina la mgonjwa kulionekana matusi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008. Ilipimwa katika hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara, huku kwetu Tanzania. Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha kuanza kutumika, na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyoletwa wala jengo lililojengwa.

Orodha ina vipengele 19 katika vituo vitatu. Kabla ya usingizi kuna saba: mgonjwa mwenyewe athibitishe jina, mahali pa kupasuliwa, aina ya upasuaji na ridhaa yake, mahali hapo pawe pamewekwa alama, mashine ya usingizi na dawa zimekaguliwa, kipimo cha oksijeni kiko kidoleni na kinafanya kazi, mzio, ugumu wa njia ya hewa, na uwezekano wa kupoteza damu zaidi ya mililita 500, au mililita 7 kwa kila kilo ya mtoto, ambapo njia mbili za dripu ziwe tayari. Kabla ya kisu kugusa ngozi kuna saba nyingine: kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake, jina la mgonjwa na upasuaji yatajwe tena, antibayotiki iwe imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, mpasuaji aseme anachohofia, muda na damu itakayopotea, mtaalamu wa usingizi aseme ya kwake, wauguzi waseme kama vifaa vimetakaswa, picha za eksirei ziwe ukutani. Kabla mgonjwa hajatoka kuna tano: jina la upasuaji uliofanyika, hesabu ya vifaa na shashi na sindano, sampuli isomwe kibandiko chake kwa sauti, vifaa vilivyoharibika, na mambo ya kuangalia mgonjwa akizinduka.

Hicho kipengele cha dakika 60 watu hukichukulia kama urasimu. Antibayotiki ya kinga inatakiwa iwe imejaa kwenye nyama ya mwili wakati ngozi inafunguka. Ikitolewa wodini asubuhi na upasuaji ukachelewa hadi adhuhuri, imeshapungua. Ikitolewa baada ya ngozi kukatwa, vijidudu vimetangulia. Na hapo kupitiwa kumejificha pazuri sana: wodi inaamini itatolewa chumbani, chumba kinaamini imetolewa wodini.

Kutaja majina nako huchekwa. Lakini aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe chumbani mara moja hapati tabu sana kuipaza mara ya pili, na hiyo mara ya pili huenda ikawa ya kusema, "Simameni."

Shashi kumi na moja

Hesabu ya shashi inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake aina zote nne za makosa hukutana.

Shashi za upasuaji huja kwa mafungu ya idadi maalumu, tano au kumi, na kila moja ina uzi unaoonekana kwenye eksirei. Wauguzi wawili huhesabu kwa pamoja, kwa sauti, moja moja, zikiwa zimetenganishwa. Mmoja huandika ubaoni. Fungu lenye idadi pungufu au iliyozidi halitumiki, linatolewa chumbani lote ili lisichafue hesabu. Huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na tena ngozi inapofungwa. Shashi iliyotumika haikatwi vipande, haitumiki kufungia kidonda, na ndoo ya taka haitoki chumbani hadi hesabu ikae.

Sasa ubao unasema 20, mezani na ndooni zimepatikana 19. Utaratibu ni huu: mpasuaji anaambiwa mara moja, kufunga kunasimama, anapapasa tumboni upya kwa mpangilio, robo kwa robo, wauguzi wanapekua ndoo, mashuka, sakafu, nyayo za viatu. Ikikosekana, eksirei inapigwa kabla mgonjwa hajatoka. Mara nyingi shashi iko chini ya kiatu cha mtu.

Ila kesi zinazotisha si hizo ambazo hesabu imekataa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza wagonjwa walioachiwa vifaa mwilini: pale vifaa vilipokuwa vimehesabiwa, fomu nyingi zilisema hesabu ni sahihi. Upasuaji wa dharura uliongeza hatari kwa takriban mara tisa, na mabadiliko ya ghafla ya mpango katikati ya upasuaji kwa takriban mara nne. Ukirudi kwenye hali tatu za kupitiwa, utaona sababu bila kufafanuliwa: kukatizwa, na siku ya kawaida iliyogeuka. Fungu la kumi linaweza kuwa na 11 kutoka kiwandani, aliyehesabu kwa haraka akaona kumi kwa kuwa alitarajia kumi. Moja ikibaki tumboni, hesabu ya mwisho itatoka safi.

Pale karatasi inapojazwa na kazi haifanyiki

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako hospitali ziliamriwa kuripoti hadharani matumizi ya orodha ya aina hiyo. Upasuaji zaidi ya 200,000 ulilinganishwa, miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Orodha ni ya aina ileile. Taarifa za hospitali zilionyesha inajazwa karibu kila mara.

Kuna waliosema ni kwa sababu hospitali za Kanada zilikuwa nzuri tangu mwanzo, na lipo jambo hapo. Lakini amri ya kujaza karatasi huleta karatasi zilizojazwa. Alama 19 zinaweza kupigwa na mtu mmoja kwa sekunde 20, mgonjwa akiwa bado mlangoni. Ni yale yale ya jina la mpokeaji kwenye simu. Dalili za orodha iliyokufa zinaonekana kwa macho: alama zote zina wino na mwendo mmoja wa mkono, inasomwa muziki ukiendelea, mpasuaji ananawa mikono wakati wa kituo cha pili, hakuna siku iliyowahi kusimamisha kitu. Timu inayopasua wagonjwa mia bila orodha kunasa hata jambo moja haijafikia ukamilifu. Haijaisoma.

Anayeisoma asiwe mpasuaji. Awe muuguzi, na awe na ruhusa iliyotangazwa ya kutokabidhi kisu hadi majibu yatolewe kwa maneno. Hapo ndipo linapokuja jambo gumu kuliko uandishi wote wa orodha.

Mkubwa akikosea

Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilianza kukimbia kupaa bila ruhusa wakati ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, ingali kwenye barabara ileile ya kurukia mbele yake. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama yule wa Pan Am ameshatoka. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakurudia. Watu 583 walikufa. Rubani yule alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za Boeing 747 wa shirika lake. Picha yake ilitumika kwenye matangazo. Hapa si kupitiwa tena, ni kukosea kwenyewe: picha ya kichwani haikulingana na uwanja ulivyo, na aliyeiona tofauti alikuwa mdogo wa cheo.

Urubani ulibadilika baada ya hapo. Mwongoza ndege siku hizi hulitaja neno la kupaa pale tu anapotoa ruhusa yenyewe au kuifuta, ili lisisikike kwa bahati mbaya katika sentensi nyingine. Na marubani wasaidizi hufundishwa kusema.

Kufundisha kusema kwa Kiswahili kuna ugumu wake. Adabu yetu huzungusha maneno. "Samahani dokta, sijui labda nimehesabu vibaya, sijui tungeangalia kidogo..." Hadi sentensi ifike mwisho, ngozi imeshonwa, na onyo limesikika kama maombi. Heshima haihitaji kuondoka, inatosha ikae kwenye jina tu, na habari ifuate ikiwa wazi: "Dokta, hesabu ya shashi haijatimia. Naomba tusifunge." Asipojibu, mara ya pili inaongezwa hatari: "Dokta, shashi moja haipo na tunafunga tumbo." Mara ya tatu si kwake tena, ni kwa mtaalamu wa usingizi au kwa msimamizi wa zamu. Hatua hizo tatu zikubaliwe siku ya utulivu, wakubwa wakiwepo na wakizikubali kwa vinywa vyao, kwa sababu usiku wa dharura hakuna atakayezibuni.

Ripoti za nusura

Neno jingine letu lenye thamani ni nusura. Nusura niunganishe mtungi mbaya. Nusura nitume kwa namba isiyo yake. Kila nusura ni ajali iliyotoa funzo bila kudai damu, na mahali ambapo kila mtu anataka kuonekana hana dosari, nusura zote hufichwa. Marekani tangu 1976 kuna mfumo wa ripoti za marubani unaoendeshwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo. Anayeripoti kosa lake ndani ya siku kumi husamehewa adhabu, mradi halikuwa la makusudi, si jinai na halikuleta ajali. Usamehevu huo si huruma. Ni bei inayolipwa kununua habari.

Je, kila kitu kisamehewe? Hapana. Swali linalotenganisha ni hili: mwingine mwenye mafunzo yaleyale, akiwekwa saa ileile na vifaa vilevile, angeweza kufanya hivyohivyo? Wenzake watatu wakikiri kwamba ndiyo, kumwadhibu ni kuacha tundu wazi kwa anayefuata. Wakisema hapana, uliza kama alijua hatari akaipuuza, na hapo barua ya onyo imepata kazi yake. Katikati yao kuna ukiukaji wa mazoea, ambao uchunguzi wake huanza na kifaa, kwa mfano kalamu: alama ya upasuaji haiwekwi kwa kuwa kalamu ya wino usiofutika haipo wodini, au wino wake unatoka mgonjwa akisafishwa ngozi.

Ya kuandika mwenyewe

Hakuna haja ya kuwa na chumba cha upasuaji. Kwa wiki mbili, kila unaposema "nimepitiwa", andika mambo matatu: saa, ulichokuwa ukifanya, na kilichokukatiza. Madaftari ya aina hiyo huonyesha haraka kwamba mtu hasahau ovyo. Husahau mahali palepale.

Pahali hapo ndipo pa kuweka orodha, si mwanzo wa kazi yote. Vipengele visizidi tisa kwa kituo kimoja, vikae ukurasa mmoja, kila kimoja kiwe kitu cha kuona au kugusa: "valvu imefungwa", si "zingatia usalama". Chagua aina. Kwa kazi unayoijua, fanya kwa kumbukumbu kisha simama uhakiki. Kwa jambo la nadra au la hofu, soma mstari, fanya, soma unaofuata. Ijaribu siku ya kazi nyingi, maana orodha yoyote hufanya kazi siku tulivu. Weka tarehe chini yake.

Baada ya miezi mitatu pitia vipengele. Ambacho hakijamnasa mtu hata mara moja kifutwe, orodha ndefu huua ile mistari yenye faida. Isipokuwa vile ambavyo vikisahauliwa mara moja tu, hakuna kurudi nyuma: gesi, damu, upande wa mwili. Hata kufuli la mkia hufunguliwa mara elfu bila mtu kulisahau.